Tembo Hili Si Ndovu: Methali Zetu Zimetoka Kwenye Kazi Gani?

Assalamu alaykum. Wazee wetu, mashekhe, mama zetu wa Kuze na Kibokoni hapa Mji wa Kale wa Mombasa, walimu, na nyinyi vijana mliobanana mlangoni: huku mbele viti vipo, sogeeni.

Tuanze na mgema. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Darasani methali hii hufasiriwa kwa neno moja, kiburi, kisha mwalimu akafungua ukurasa mwingine. Na wako wanafunzi, hasa wa mbali na minazi, wanaoisoma wakamwona ndovu akimiminiwa ndoo ya maji. Hawana makosa makubwa, maana tembo ni jina la yule mnyama pia. Lakini methali yenyewe imejilinda. Tazameni kitenzi: hu-li-tia. Hiyo "li" haimwendei mnyama. Angekuwa ndovu, tungesema "humtia maji". Tembo linalochukua "li" ni kinywaji kitokacho mnazini. Silabi moja imetosha kumfukuza ndovu.

Sasa tumfuate mgema juu. Kiunoni ana kotama, kile kisu kifupi kilichopinda, na kibuyu. Huchagua karara, lile ala la maua ya mnazi, ambalo halijapasuka, hulifunga kamba lisifunguke, hulipinda kidogo kidogo kwa siku kadhaa mpaka lielekee chini, kisha hukata ncha. Hapo matone huanza. Kila anapokwea, asubuhi na jioni, hupunguza tena ubale mwembamba kama ukucha, kwa sababu mkato ukikauka mnazi hufunga. Akikata nene, karara huisha mapema na yeye hupoteza siku. Mnazi mzuri humpa lita moja kwa siku, au mbili ukiwa mkarimu. Na linaloteremka alfajiri ni tamu. Adhuhuri limeanza kuchacha. Kesho yake ni kali. Siku chache mbele ni siki.

Wekeni hayo pamoja. Mgema amesifiwa, wateja wamekuwa thelathini badala ya kumi. Mnazi haukusikia sifa zile, utatoa kadiri ile ile. La jana hawezi kulichanganya, limeshachacha, mnywaji atalijua kwa ulimi. Kilichobaki ni mtungi wa maji. Kwa hivyo kiburi kimo, ndiyo, lakini msingi wa methali hii ni hesabu: mahitaji yamepanda na mali haiwezi kuongezeka. Mwenye hoteli anayeongeza maji kwenye mchuzi siku ya wageni wengi anaijua vizuri kuliko sisi wa vitabuni.

Hiyo ndiyo njia tunayoipendekeza kwenu jioni hii. Mkitaka asili ya msemo, msianze na hadithi. Anzeni na sarufi ya msemo wenyewe, kisha nendeni kwa mwenye kazi ile.

Chukueni chungu. "Maji ya kifuu, bahari ya chungu." Wako wanaofikiri ni chungu cha kupikia, na wako wanaofikiri ni uchungu. Ni yule mdudu, ambaye kwingine huitwa sisimizi. Kifuu ni nusu ya gamba gumu la nazi. Maji yaliyobaki humo hayamtoshi kuku, lakini kwa mdudu yule ni bandari ya Kilindini. Ushahidi uko kwa ndugu yake: "Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno." Ka-ona. Chungu cha kupikia kingekuwa "kimeona", na tungeshangaa chungu kupata macho. Mzee wa Mvita, yaani Mombasa hii, hahitaji sarufi hiyo hata kidogo, kwani sikio lake linatofautisha: chungu cha jikoni hutamkwa kikavu, na yule mdudu hutamkwa kwa pumzi, ch'ungu. Herufi tunazoandikia leo hazionyeshi pumzi ile. Ndiyo sababu mtoto aliyejifunza methali kwa kitabu peke yake huingia mtegoni na aliyelelewa na nyanya yake haingii.

Na "Mcheza kwao hutunzwa"? Wengi husema maana yake ni kuangaliwa vizuri, kama mgonjwa. Nendeni arusini. Mwimbaji wa taarabu akipendeza, mama huinuka kitini na noti mkononi, huenda nayo kwa maringo, humpa au humbandika. Huko ndiko kutunza, wengine husema kutuza, na neno tuzo limetoka humo humo. Mchezaji ngoma akiwa kwao, waliomzunguka ni shangazi na binamu, noti hazikosi. Akicheza ugenini atapigiwa makofi.

Tuingie baharini sasa, na huko tutakaa, kwa sababu nusu ya misemo mnayoisikia redioni imetoka kwenye jahazi na wanaoitumia hawajui.

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Timu ya mpira ikifungwa mabao matatu, mtangazaji husema mambo yamekwenda mrama. Mrama si kuharibika. Ni mwendo: chombo kulala ubavu huu, kikainuka, kikalala ubavu wa pili. Nahodha lenyewe ni neno la Kiajemi, mwenye chombo, lililotufikia kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi. Lakini swali la kuuliza ni hili: kwa nini wingi wa manahodha ulete mrama, na usilete, tuseme, kuzama au kupotea njia?

Jibu liko kwenye tanga. Tanga la jahazi ni la pembe, limefungwa kwenye foromali, mti mrefu unaoning'inia mlingotini. Pembe ya mbele huzuiwa na kamba iitwayo joshi, pembe ya nyuma huvutwa kwa demani. Kwa sababu hiyo upande utokako upepo huitwa joshini, na upande uendako huitwa demani. Upepo ukiwa wa bisho, yaani unatoka kule unakotaka kwenda, jahazi haliwezi kuukabili uso kwa uso. Hubisha, likaenda mshazari huku, kisha mshazari kule. (Kitenzi ni kile kile cha mtu mbishi, mkipenda.) Kila likigeuza upande, foromali yote lazima ihamishwe ng'ambo ya pili ya mlingoti, joshi na demani zibadilishwe, na msukani azungushe chombo, shetri, ile sehemu ya nyuma, ikipita kwenye upepo. Ni kazi ya watu wengi kwa amri moja. Katikati ya kugeuza kuna muda ambao tanga halina nguvu na chombo kimeyapa mawimbi ubavu.

Hapo sasa. Mmoja akisema "legeza" na mwingine akisema "vuta", muda ule mfupi hurefuka. Chombo hubaki ubavu wazi, tanga linapigapiga, kila wimbi linakilaza na kukiinua. Huo ndio mrama. Shehena ikiwa haikupangwa vizuri, au farumi, yale mawe ya kukipa uzito chini, yakihama upande mmoja, mrama wa tatu au wa nne hauinuki tena. Aliyetunga methali hii hakuwa akisema ovyo kuhusu uongozi. Ameitaja dalili ya kwanza kabisa ambayo abiria ataiona tumboni mwake kabla hajajua kuwa huko shetri watu wanagombana.

Kutoka kamba ile ile ya joshi tumepata "Dau la mnyonge haliendi joshi, likienda joshi, ni Mungu kupenda." Wengi husema joshi ni kasi. La. Kwenda joshi ni kuukaribia upepo, kamba ya mbele ikiwa imekazwa. Inahitaji tanga zima, lililokatwa vizuri, na kamba zisizo viraka. Madau ya zamani yenye tanga la miyaa, yaani majani makavu yaliyosukwa, yalikwenda vyema upepo ukiwa nyuma. Upepo wa mbele ulipenya kwenye msuko, tanga likavimba vibaya, chombo kikasogea kando kama kaa. Kwa hivyo mnyonge haambiwi kuwa ni mwenye kujikokota. Anaambiwa kuwa anaweza kwenda kule tu upepo unakompeleka. Ni maneno makali zaidi, na naona ni ya kweli zaidi.

"Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni nyuma, omo ni mbele, na ngama ni kule chini ndani ya chombo ambako maji yavujayo hukusanyika. Chombo cha mbao hakikosi kuvuja. Hata kipya, mbao zikikaa juani bandarini hukauka na kuachana kidogo, na hurudi kubana baada ya kunywa maji. Kwa hivyo zamu ya kuteka na kumwaga haiishi, usiku na mchana. Uwe umetumwa omo kutazama miamba, uwe umeketi tezini karibu na usukani, zamu ikifika utashuka na ndoo.

Ya mwisho ya bahari: "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Vi- hiyo ni vyombo. Na kuunda, kwa matumizi ya zamani ya pwani, ni kazi ya fundi wa vyombo hasa. Nyumba hujengwa, jahazi huundwa. Fundi huanza na mkuku, ule uti wa chini. Huja mataruma, mbavu za chombo, ambayo hutafutwa kwenye miti iliyopinda yenyewe, kwa sababu mti ulionyooka ukichongwa upinde, nyuzi zake hukatika na utavunjika hapo hapo. Huja mbao, kisha kalafati: pamba huloweshwa mafuta na kushindiliwa kwenye kila mwanya kwa patasi na nyundo. Nje chini hupakwa deheni, chokaa iliyokandwa kwa shahamu, mafuta ya mnyama, ili mdudu wa baharini asiule mti. Juu hupakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake haihitaji maelezo kwa aliyepita gatini. Ruka kalafati sehemu moja yenye urefu wa shubiri, na kazi yote ya miezi itarudi kuwa kazi ya ngamani. Leo tunaunda kamati na tunaunda serikali. Sijui kama tunakumbuka kalafati.

Turudi nchi kavu, hatua chache tu kutoka hapa. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Anayekaa nyumba ya matofali ya saruji huichukua kama mafumbo. Anayekaa Mji wa Kale huichukua kama ilani. Ukuta wa zamani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, unene wake mara nyingi kama nusu mita, na katikati mwashi alijaza vipande vidogo na udongo wenye chokaa. Nje kuna lipu. Lipu ikipasuka, maji ya mvua ya kusi hayaishii hapo. Huingia kati, huulainisha ule ujazo, na hufika kwenye vichwa vya boriti za mikoko zilizochomekwa ukutani. Kichwa cha boriti hakionekani. Huoza kimya kimya, sakafu ya juu ikalegea, na siku moja ukuta hupata tumbo. Ukuta wenye tumbo hauzibwi. Hubomolewa na kuanzwa upya. Methali haikutia chumvi.

Na hapa kuna kosa linalofanywa kila mwaka: ufa huzibwa kwa saruji, kwa sababu inapatikana kila duka na hukauka haraka. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na haipumui. Unyevu uliokuwa ukitoka kupitia chokaa hukwama nyuma yake, chumvi hujikusanya, na baada ya misimu michache kiraka hudondoka kikiwa kimebeba ngozi ya ukuta. Ufa wa upana wa kidole huzibwa kwa chokaa iliyokomaa, sehemu moja kwa sehemu tatu za mchanga usio na chumvi, ukuta ukiwa umeloweshwa kwanza. Kwa hivyo methali ingestahili nyongeza: na ukiuziba vibaya, utajenga ukuta vilevile.

Nyumba hizo hizo zimetupa "Mbio za sakafuni huishia ukingoni". Sakafu hapa si ya chini. Ni ile ya juu, iliyomwagwa zege ya chokaa na mawe juu ya boriti, ikashindiliwa kwa vigongo vya mti huku watu wakiimba, siku baada ya siku. Boriti ya mkoko haizidi kama mita tatu kwa matumizi, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Mtoto akikimbia juu ya dari namna hiyo, ukingo haumpi nafasi ya kupunguza mwendo.

"Haba na haba hujaza kibaba" haitusumbui sana, ila vijana wengi hawajakiona kibaba. Ni kipimo cha nafaka, robo ya pishi. Pishi mnaijua kwa fitra, ile sadaka ya mwisho wa Ramadhani: karibu kilo mbili na nusu hadi tatu za mchele. Kibaba basi ni kama gramu 700, na kwa kukadiria uzito wa punje moja, humo mna punje za mchele zipatazo elfu 30. Wauzaji walikuwa na kibaba cha tele, kilichofurika juu, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa kwa mkono kikawa sawasawa na ukingo. Mnunuzi mjuzi aliuliza kwanza ni kipi.

"Hamadi kibindoni" nayo ni rahisi kwa anayevaa kikoi. Unakizungusha, unakunja ukingo wa juu mara mbili tatu kiunoni, na ndani ya mkunjo unaficha pesa. Hicho ndicho kibindo. Hamadi ni neno la mtu anapojikwaa. Ukijikwaa, msaada wa karibu kabisa ni ule ulio kiunoni.

Mtauliza: tunajuaje kwamba haya ni ya kale na si ya kubuni kitandani? Kwa sehemu, kwa sababu Mombasa iliandikwa mapema. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika hapa mwaka 1844, na kamusi yake, iliyochapishwa mwaka 1882 baada ya yeye kufa, imejaa misemo ya watu wa Mvita. William Taylor, mmisionari Mwingereza, alichapisha mkusanyo mzima wa methali za hapa mwaka 1891, akijitahidi kuonyesha hata ile pumzi ya ch'ungu. Nyuma yake alikuwapo Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa mji huu, aliyehifadhi pia mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa zama ambazo ukoo wa Mazrui ulitawala mji huu. Jina la Mzungu liko kwenye jalada. Masikio yalikuwa ya Mwalimu Sikujua. Msemo ukiukuta kwa Krapf au Taylor, unajua angalau ulikuwa midomoni karne ya 19. Usipoukuta, haina maana haukuwapo.

Kinyume chake, tahadharini na asili zilizo tamu mno, zile zenye mfalme, binti yake na mtumwa mwerevu. Hadithi nyingi za namna hiyo zimetungwa baada ya methali, ili methali ipate pa kukaa. Huko ni kupiga chuku. Na chuku yenyewe ni nini? Ni pembe ndogo ya kuumikia, yaani ya kufyonza damu kama tiba. Muumikaji huiweka juu ya ngozi, hufyonza hewa kwenye tundu la ncha, huziba kwa nta, na nyama iliyokuwa bapa huinuka kama nundu. Ndani hakuna kilichoongezwa ila uvimbe. Sioni kwamba tunahitaji mfalme wala binti yake kueleza jinsi neno hilo lilivyofika kwa waongo.

Wakati mwingine msemo una mwenyewe na tumemsahau. "Titi la mama li tamu hata likiwa la mbwa" huandikwa kwenye kadi za kuwapongeza akina mama, ikiitwa methali. Ni mstari wa Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, na mama anayesifiwa katika shairi lile ni lugha ya Kiswahili. Sina hakika kila mama hufurahi akifika kwenye neno la mwisho.

Nimalizie na leso, ambayo kwingine huitwa kanga, kwa sababu ndiko methali zinakochapishwa kwa wingi kuliko kitabu chochote. Neno ni la Kireno, lenço, kitambaa cha mkononi. Wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa havijakatwa, wakaunganisha sita, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja. Leo leso ni kama sentimita 150 kwa 110: pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyochapishwa, chini ya mji. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Biashara Street, lenye alama ya "Mali ya Abdulla", hutajwa mara nyingi kuwa ndilo lililoyapa majina nguvu. Mwanzo majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadaye yakahamia za Kirumi, kubwa zote, mara nyingi bila mkato wala nukta, kwa sababu utepe wa jina ni mwembamba.

Basi mkinunua, someni taratibu. KUTOA NI MOYO USAMBE NI UTAJIRI. Usambe ni "usiambe", yaani usiseme, kutokana na kitenzi -amba ambacho bado tunacho ndani ya "ambia" na "kwamba". Toeni, wala msiseme ni mpaka mtu awe tajiri. Siku hizi husikika "kutoa ni moyo si utajiri". Maana imefika salama. Kitenzi kimeachwa njiani. Mkiipata leso iliyoandikwa USAMBE, msiikate kuwa vitambaa vya jikoni. Mpeni bibi mmoja aisome kwa sauti, na mtoto awe karibu.